Mume Akipigwa, Mitandao Hucheka: Kicheko Hicho Kinamlinda Nani?

Kila baada ya wiki chache hutujia kwenye simu video ya aina moja. Mahali hubadilika: leo ni ua wa nyumba za kupanga, kesho ni ngazi za ghorofa, keshokutwa ni kando ya barabara mbele ya kibanda cha viazi. Kinachotendeka ndani yake hakibadiliki. Mwanamume amejikunyata ameuziba uso kwa mikono, mwanamke amesimama juu yake na mwiko au kandambili au chochote kilichokuwa karibu, na nyuma ya simu anasikika mtu akicheka. Anayerekodi hasemi "basi." Video ikiingia kwenye grupu la mtaa, kabla hata ya mtu kuuliza ni wapi au ni nani, zinamiminika nyuso za kucheka mpaka machozi, na wengi wanaozituma ni watu wazima, wenye wake na watoto na heshima zao barazani.

Nataka leo tukizungumzie kicheko hicho. Nimekuwa nikiyasoma majibu yanayofuata video hizi kwa muda mrefu sasa, Facebook, TikTok na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyoona kwamba hatuna maoni elfu moja kama yanavyoonekana. Tuna matatu au manne, yanayorudiwa na watu elfu moja. Na yote, hata lile linalojifanya linamtetea huyo mume, yamepikwa katika chungu kimoja.

Kuna lile la neno moja: "Kakaliwa." Huku kukaliwa chapati kumeteremka na vijana kutoka Nairobi, na siku hizi hata wazee wa Kibokoni wanalitumia neno hilo bila kuona ugeni. Sisi Pwani tulikuwa na letu kabla yake: "Kalishwa." Mume anayemwogopa mkewe katiliwa kitu kwenye chai, kasomewa, kafungwa ndani ya chupa ikatupwa baharini. Yatazame maneno hayo mawili vizuri uone kazi yanayoifanya. "Kakaliwa" lasema kosa ni la mume, kwa ulegevu wake. "Kalishwa" lasema kosa ni la mganga. Aliyeshika mwiko katoweka katika habari. Ni kama kusimulia ajali ya matatu ukamtaja abiria, ukailaumu barabara, na dereva usimguse kabisa.

Kuna na lile la kuuliza: "Kwani mikono yake iko wapi? Mzabe kofi moja tu, atatulia." Hili, ndugu msomaji, ndilo linalonitisha kuliko yote. Mtu anapigwa, na nasaha anayopewa hadharani na mamia ya wanaume wenzake ni kwamba dawa ni yeye kupiga zaidi. Mwanamume anayebeba magunia au anayevuta nyavu kila alfajiri akimrudishia mkewe hilo kofi moja kwa hasira za miaka mitatu, sote tunajua linakoishia. Yeye yuko rumande, mke yuko hospitali au yuko kaburini, na watoto wamepelekwa kwa nyanya yao. Hapo wale wale waliomwambia apige watabadilisha picha zao za wasifu waweke mshumaa.

Wala sisemi haya kwa kukisia. Januari 2024 watu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Mwaka huo huo polisi wenyewe wakatoa hesabu ya wanawake 97 waliouawa kati ya Agosti na Oktoba peke yake, yaani zaidi ya mmoja kila siku. Januari 2025 Rais akaunda jopo la watu 42, likiongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, kuchunguza dhuluma za kijinsia na mauaji hayo. Wengi wa wanaouawa hivi huuawa na watu waliowajua, na mara nyingi ni waume au wapenzi wao. Utaniuliza, hayo yanahusiana vipi na mume anayepigwa kandambili Kisauni? Yanahusiana sana. Anayeamini kwamba mwanamume hujulikana kwa mkono wake, akimwona mwanamume aliyepigwa atasema, "Huyo si mwanamume." Mtu huyo huyo akisikia mwanamke ameuawa atauliza, "Alimfanya nini mumewe?" Ni imani moja. Kwa huyu imezaa kicheko, kwa yule imezaa udhuru.

Kisha wako wale wanaojiita watetezi. Hawa huwaoni chini ya video ya mwanamume anayepigwa. Utawaona chini ya habari ya mwanamke aliyeuawa, dakika ya tano baada ya kuchapishwa, wakiandika, "Na wanaume je? Mbona wanaume wakipigwa hamuandamani?" Swali lenyewe si baya. Mimi nalipenda, na lingeulizwa siku nyingine lingestahili kujibiwa kwa urefu. Lakini nimeyafuatilia baadhi ya majina hayo, na siku ile ya kandambili walipokuwa na nafasi ya kuuliza, walichotuma ni nyuso za kucheka. Mume aliyepigwa kwao hana jina wala jeraha. Ni jiwe la kumrushia mwanamke anayelilia dada yake, na jiwe likisharushwa hakuna anayerudi kulitazama lilipoangukia.

Na kina mama pia wana fungu lao, tusiwapake mafuta. "Safi sana dada, wamezoea hao." Namwelewa anayeandika hivyo. Huenda naye alipigwa na hakuna aliyemrekodi, au aliyemrekodi hakumsaidia. Lakini aliyejikunyata kwenye video si yule aliyempiga yeye.

Wapenzi wa mambo ya ng'ambo watakumbuka mwaka 2022, kesi ya mwigizaji Johnny Depp na aliyekuwa mkewe, Amber Heard, kule Virginia, Marekani. Ilirushwa moja kwa moja kwa wiki kadhaa, na hapa kwetu vijana waliijua kama wanavyojua ligi ya Uingereza. Baraza la mahakama likampa Depp ushindi mkubwa na Heard ushindi mdogo. Miaka miwili kabla, jaji mmoja wa London alikuwa ameamua kinyume, kwamba gazeti lililomwita Depp mpiga mke lilikuwa limesema jambo lenye ukweli kwa sehemu kubwa. Mimi sina la kuamua kati yao. Nililolitazama ni vijana wetu: walijua majina ya mawakili, walijua aliyelia na aliyejifanya kulia, walishabikia upande kama wanavyoshabikia timu. Kesi ilipokwisha, sikumsikia hata mmoja aliyeuliza kama jirani yake anapigwa, akashtaki wapi.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo uongo unapopenya. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wamewahi kupigwa au kudhuriwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Takwimu hiyo ya 27 nimeiona ikizungushwa mitandaoni na maneno kwamba zaidi ya robo ya wanaume wa Kenya wanapigwa na wake zao. Sivyo ilivyo. Hiyo ni ya kupigwa na mtu yeyote: mwalimu, mzazi, jambazi, mlevi mwenzake. Ukitaka ya ndani ya ndoa, utafiti wa mwaka 2014 ulieleza kwamba asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa walikuwa wamedhulumiwa na waume zao kwa kupigwa au kwa unyanyasaji wa kimapenzi; kwa wanaume waliodhulumiwa na wake zao ilikuwa asilimia 9.

Mwanamke ndiye anayeumia zaidi, na kwa mbali. Anayetaka kusema ni nusu kwa nusu, aseme na hao waliohesabu. Lakini tisa katika mia si sifuri. Swali la Ijumaa ukiwa umekaa safu ya tatu msikitini, wanaume waliooa mia moja wakiwa mbele na nyuma yako, ni wepi tisa? Hutawajua. Na hutawajua kwa sababu wao wameshayasoma yale majibu ya kwenye simu.

Kuna fundi wa friji ninayemfahamu, ng'ambo ya kivuko. Jina lake halina kazi hapa. Ana alama ya kuungua kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, na kwa muda mrefu kila aliyemuuliza alimwambia birika lilimponyoka. Hospitalini pia alisema birika, na aliyemfunga dawa aliandika birika. Mwaka mzima baadaye, tukiwa wawili tu tukingoja feri, akanieleza kwamba ulikuwa uji, na kwamba haukumponyoka mtu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Hakunijibu moja kwa moja. Alinikumbusha video fulani iliyokuwa imezunguka wakati ule, ya jamaa anayepigwa sokoni, iliyochekwa kwenye grupu la mtaa wao siku tatu mfululizo. "Mimi nilikuwa nayo hiyo simu mkono wa kulia," akaniambia, "na wa kushoto una bandeji. Na mimi nikatuma kicheko. Nisingetuma wangenishuku."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko takwimu zote nilizozitaja. Tunapotuma kile kicheko hudhani tunamcheka yule wa kwenye video, ambaye hatumjui, yuko mbali, pengine hata Kenya hayuko. Kumbe anayekisoma ni huyu tunayempa mkono kila jioni. Ameuliza swali bila kufungua mdomo, nasi tumemjibu.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka habari za Nyeri. Mwanzoni mwa mwaka 2012 magazeti na runinga zilijaa visa vya waume waliojeruhiwa na wake zao huko, na picha za majeraha ya visu zikazunguka nchi nzima. Chama cha Maendeleo ya Wanaume, kikiongozwa na Nderitu Njoka, kikawataka wanaume wasusie chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa kama njia ya kulalamika. Habari ikafika mpaka BBC. Sasa ikumbuke nchi ilivyoipokea. Haikuuliza dawati la polisi liko wapi wala hospitali ifanye nini. Ilipata kichekesho kipya, "mke wa Nyeri," na kichekesho hicho bado kinaishi hata leo, zaidi ya miaka kumi baadaye. Mwanamume akipigwa Busia au Voi, mtu atauliza kama kaoa Nyeri. Jinai imegeuzwa kuwa tabia ya kabila na ya mahali. Na wanawake wa huko wanaoishi na waume zao kwa amani, ambao ndio wengi, wametwishwa jina wasilolitaka.

Sisi Pwani kichekesho hicho kilitufaa kwa njia nyingine. Kilitupa pa kujificha. "Hayo ni mambo ya bara," tunasema, "mwanamke wa Kipwani ni mpole, yeye na udi wake na asumini yake." Sina ugomvi na asumini. Lakini uji wa fundi wangu ulipikwa huku huku.

Na tena ziko desturi zetu wenyewe, nzuri kabisa, ambazo zinamfanya mume wa Pwani anayepigwa awe na njia nyembamba kuliko ndugu yake wa bara. Chukua ile ya nyumba. Katika miji yetu ya kale, Lamu na Mombasa, mzazi mwenye uwezo alimpa bintiye nyumba au ghorofa anapoolewa, na mume ndiye aliyeingia kwa mkewe. Familia nyingi zinaendelea hivyo hadi sasa. Desturi hiyo naipenda, kwa sababu mwanamke akiachwa hatupwi barabarani na watoto. Ila mume anayepigwa ndani ya nyumba hiyo hana mlango wa kumwonyesha mtu. Atakayetoka ni yeye. Atoke na mfuko wa nguo, apite mbele ya baraza ambako jana alikuwa akinywa kahawa, arudi kwa mamake na mvi zake kichwani. Mama mkwe yuko ghorofa ya chini na amesikia kila kitu kwa miaka. Na wazee wa pande mbili wakiitwa kusuluhisha, watakaa kwenye sebule ya nani?

"Si ana talaka mdomoni mwake? Amuache." Hili nalo huandikwa sana, na huandikwa na watu wanaojiona wametoa hoja ya kufunga mjadala. Ni kweli, kwa Mwislamu talaka iko mkononi mwa mume. Lakini akiitoa, mahari aliyoiahirisha inadaiwa siku hiyo. Watoto wadogo kwa kawaida hubaki na mama, na yeye atawaona kwa mpango, akipewa. Wengine hukaa kwa sababu wanaogopa watoto watapigwa zamu yao ikifika. Na wengine, hili hakuna anayelitaja, hukaa kwa sababu wanampenda mke wao na wanangoja arudi kuwa yule waliyemuoa. Wanawake wamelijibu swali la "mbona hukuondoka" miaka na miaka, na tulikuwa tumeanza kuwaelewa. Akiulizwa mwanamume tunarudi darasa la kwanza.

Nimewasikia pia wanaosema mambo ya chumbani yasitolewe nje, kwamba tuna wajibu wa kusitiriana. Nakubaliana nao kuhusu sitara. Ni katika mambo bora tuliyorithi. Lakini sitara ni ya mtu, haikuwekwa kuwa ya dhuluma. Na tazama simu inavyofanya kinyume chake kabisa: inamvua mtu nguo mbele ya mji mzima, sura yake na kilio chake na shati lake lililochanika, halafu ikilifikia lile kosa inalifunika kwa mzaha. Aliyestahili kusitiriwa ameanikwa, na kilichostahili kuanikwa kimesitiriwa.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama sheria ingekuwa upande wa wanaocheka. Haiko upande wao. Bunge lilipitisha mwaka 2015 Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, na ukiisoma mwanzo hadi mwisho inasema "mtu." Haisemi mke. Inamkinga mume, mchumba, mzazi, ndugu, yeyote anayeishi au aliyewahi kuishi katika uhusiano wa kifamilia na anayemdhulumu. Na dhuluma ndani yake si kipigo peke yake. Vimo vitisho, matusi ya kumdhalilisha mtu, kumbana kifedha, kumzuia asiingie anakoishi, na hata, hili huwafurahisha sana wanaume nikiwasomea, kuingiliwa na wakwe. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi kumzuia anayedhulumu asimguse wala asimsogelee anayelalamika. Wenzetu wengi huenda moja kwa moja kwa kadhi, na kwa ndoa na talaka hapo ndipo mahali pake kwa Waislamu chini ya Katiba. Lakini jeraha la mwili ni jinai, na jinai haiko mikononi mwa kadhi. Ni ya polisi na hakimu. Kumjeruhi mtu kunaweza kumpeleka mkosaji jela miaka 5 chini ya kifungu cha 251 cha sheria ya makosa ya jinai, na akimletea madhara makubwa, kifungu cha 234 kinafika kifungo cha maisha. Maji ya moto hayana jinsia katika vifungu hivyo.

Tatizo ni kwamba sheria inaanzia mezani kwa askari, na askari naye ana simu. Yumo kwenye magrupu yale yale. Jamaa mmoja aliyekwenda kituoni, kituo sikitaji, alinieleza kwamba alipokuwa akieleza yaliyompata, aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini akamwita mwenzake: "Njoo usikie hii." Aliondoka bila kumaliza sentensi. Hakupewa namba ya OB wala hakuiomba. Kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali yeye hakupigwa, na siku takwimu zitakapotolewa tena, watu wataangalia idadi ndogo ya wanaume walioshtaki na kusema, unaona, hayo mambo hayapo.

Ndiyo maana nawaomba wasimamizi wa magrupu, hasa yale makubwa ya mitaa na ya misikiti na ya timu za mpira, wawe na kanuni juu ya video hizi kama walivyo na kanuni juu ya picha za ajali. Wengi wao siku hizi wakiona picha ya maiti huifuta mara moja na kumwonya aliyeituma. Hakuna aliyewalazimisha, waliona tu kwamba haifai. Na kwa yule aliye karibu wakati jambo linatendeka, mwenye simu mkononi, kurekodi si lazima kuwe uovu. Video hiyo ni ushahidi mzuri ikiwa utampa aliyepigwa mwenyewe, au uipeleke polisi, na ukaiacha ile ya asili kwenye simu bila kuikata wala kuiongezea muziki. Lakini kwanza sema "basi," kwa sauti. Mara nyingi ugomvi hukatika mtu wa tatu akisema tu.

Kwa anayesoma huku akiificha simu, mke au mume, mambo yenyewe ni machache. Hospitali kwanza, Hospitali ya Rufaa ya Pwani hapa Mombasa ina kitengo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na matibabu hayangoji polisi. Mweleze daktari kilichokuumiza hasa, kwa sababu atakachokiandika siku hiyo ndicho kitakachosomwa mahakamani mwaka ujao. Kisha kituoni, uombe dawati la jinsia. Una haki ya kutoa maelezo yako faraghani, na kwa afisa wa jinsia yako ukipenda, hivyo usione haya kuomba askari mwanamume. Fomu ya P3 haiuzwi. Ukitaka kuzungumza na mtu kabla ya hayo yote, namba 1195 hailipishwi, na wanapokea simu za wanaume pia.

Na namba ya OB usiondoke bila hiyo. Iandike kwenye karatasi uiweke kwa ndugu unayemwamini, si kwenye simu, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuvunjwa.